Nipasue Njia Wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa namna tofauti: njia ya nywele ikae katikati au ubavuni? Tumechagua saba. Chati za sura za uso zinazosambazwa kwenye simu huanzia usoni. Sisi tunaanzia kwenye mizizi, yaani nywele zako zinaota zikielekea wapi, ni nzito wapi, zimepungua wapi. Uso tunautazama baadaye, maana nywele zikikataa kulala upande fulani, hata chati ikuambie nini, saa sita mchana utakuwa chooni na kitana mkononi.

Uso wa duara, na njia inayojifunga alasiri

*Nina uso wa duara na nywele asili za kipilipili. Kila msusi ananiambia njia ya katikati itaninenepesha uso. Nikizinyoosha kwa draya na kupasua ubavuni, ikifika saa tisa alasiri njia imeshapotea. Nifanyeje? (Msomaji, Kondele, Kisumu)*

Dada, pima kwanza. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima kutoka nywele zinapoanzia juu ya paji hadi ncha ya kidevu, kisha upana wa uso kutoka mfupa wa shavu hadi mfupa wa shavu. Urefu ukikaribiana na upana, uso ni wa duara kweli. Urefu ukifika kama mara moja na nusu ya upana, huo ni uso wa yai, na umekuwa ukisumbuliwa bure. Wengi wanaojiita wa duara wana mashavu yaliyojaa tu.

Tuseme ni wa duara. Njia ya katikati peke yake hainenepeshi mtu. Kinachonenepesha ni nywele kufura sambamba na mashavu. Njia ya katikati yenye rasta zinazoshuka chini ya kidevu huugawa uso nusu mbili nyembamba, na wengi wenye uso kama wako hupendeza nayo sana. Njia ileile kwenye nywele zinazoishia usawa wa shavu ndiyo huufanya uso uwe kama sahani. Na hapo kipilipili ina ujanja wake: nywele zinazofika begani zikivutwa zinaweza kujikunja zikaishia sikioni. Kwa hiyo ukiwa umesuka rasta ndefu, pasua katikati bila hofu. Ukiachia nywele zako zenyewe, pasua ubavuni.

Ubavuni wapi? Simamisha mkia wa kitana wima kutoka kwenye mboni ya jicho hadi nywele zinapoanzia. Hapo ndipo njia ya kawaida ya ubavuni huanza. Ukisogea hadi nyusi inapopinda unapata njia ya chini zaidi. Kwa uso wako, anza kati ya sehemu hizo mbili. Kisha usiirudishe nyuma wima. Ipeleke kwa mshazari kuelekea utosini na uikomeshe baada ya sentimita 7 au 8. Nywele za nyuma yake ziache bila njia ili zinyanyuke, kwa kuwa kimo cha utosini ndicho kinachorefusha uso. Njia inayofika mpaka utosi hulaza kila kitu.

Kuhusu kulia au kushoto, tazama mapanja yako. Ukipasua kushoto, nywele nyingi huangukia kulia, na kinyume chake. Basi panja lenye nywele chache ndilo lifunikwe, njia ikae upande wa pili. Na usiamue kwa kioo tu, kwa sababu kioo kinakugeuza. Mpe mtu simu akupige picha mbili kwa kamera ya nyuma, moja kwa kila upande. Kama unavaa miwani, ivae.

Sasa hiyo saa tisa. Joto la draya huachanisha kwa muda vifungo vinavyoipa nywele mkunjo wake, na vifungo hivyo hurudiana vikipata unyevu. Kisumu hewa ya ziwa ina unyevu, mvua hupenda kunyesha alasiri, na kichwa chenyewe kinatoa jasho. Mafuta hayatazuia hilo. Ukizidisha utapata nywele zilizojikunja na zinazonata.

Acha kupasua njia kwenye nywele zilizokwisha kukauka. Osha, chambua kwa vidole na chanuo, paka krimu ya kulainisha, kisha pasua njia nywele zikiwa bado mbichi. Gawa mafungu 6 hadi 8, kila fungu ulivute mbali na njia, ulizungushie uzi kutoka shinani hadi nchani kama bibi zetu walivyofanya. Lala nazo. Nywele nzito hazikauki kwa usiku mmoja kila mara, na ukifungua zikiwa na unyevu kazi yote imepotea. Ukishafungua, paka jeli upana wa kidole kila upande wa njia, funga skafu dakika 15 hadi 20.

Hata hivyo kwa wiki ya kazi Kisumu tungekushauri jambo lililo rahisi zaidi: sokota nywele za pande zote mbili za njia zikilala kichwani, kila msokoto upana wa sentimita 3, halafu zilizobaki ziachie. Njia iliyoshikwa na misokoto haijali mvuke, wala helmeti ya boda boda.

Njia yangu inapanuka

*Nimepasua katikati tangu nikiwa sekondari. Natia dawa ya kulainisha nywele. Siku hizi naona ngozi imekuwa pana kwenye njia. Nipake nini? (Msomaji, Section 58, Nakuru)*

Usipake chochote kwanza. Pasua njia nyingine nyuma, juu ya kisogo, mwombe mtu azipige picha zote mbili, ulinganishe. Kama ya mbele ni pana wazi kuliko ya nyuma, nywele zimepungua hapo, na sababu zinazotokea mara nyingi ni hizi.

Ya kwanza ni kuvutwa. Kusuka kwa kukaza, mkia wa farasi kila siku, nywele za kuongeza zenye uzito. Dalili zake ni maumivu usiku wa kwanza, vipele kwenye mashina, na nywele fupi zilizokatika kando ya njia na kwenye mapanja. Ukiacha mapema, nywele hurudi. Ukiendelea miaka, shina hufa na pale panabaki pangavu.

Ya pili ni ya kurithi. Njia hupanuka polepole, zaidi karibu na paji, lakini ukingo wa nywele mbele unabaki. Haiumi. Kuna dawa zinazosaidia, lakini zinahitaji miezi, na ni vizuri daktari wa ngozi athibitishe kabla hujanunua.

Ya tatu ndiyo ya kukimbilia. Inaanzia utosini na kusambaa nje, mara nyingi kwa wanawake wenye nywele kama zetu. Unaweza kuhisi moto, kuwasha au uchungu ukigusa, na ngozi inaanza kung'aa bila vitundu vya nywele. Hii huacha kovu, na shina lililokufa kwa kovu halioti tena. Ukiona dalili hizo, tafuta daktari wa ngozi wiki hii. Saluni ingoje.

Kama ni kuvutwa au dawa ya nywele, mambo mawili yabadilike. Wasusi wengi huanza kupaka dawa palepale kwenye njia kwa kuwa ndipo panapoonekana, basi hapo ndipo dawa inapokaa muda mrefu kuliko kwingine. Mwambie aanzie kisogoni na kumalizia mbele. Asubiri wiki 8 hadi 12 kati ya dawa na dawa, na apake sehemu mpya tu. Nywele huota takribani sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo sehemu hiyo ni sentimita 2 au 3. Dawa ikipanda juu ya nywele zilizokwisha kutiwa, ndipo zinapokatika.

La pili, hamisha njia. Usiruke kutoka katikati hadi sikioni siku moja, kwani mashina yaliyolala upande mmoja kwa miaka yatasimama wima na utakata tamaa. Sogeza sentimita 1 au 2, nywele zikiwa zimelowa, bana kwa vibanio mpaka zikauke, na ulale na skafu ya sateni. Baada ya wiki mbili hivi zitaanza kutii, kisha sogeza tena. Wakati huo unaweza kupasua kwa zigizaga: burura ncha ya mkia kulia na kushoto kwa hatua za sentimita 1. Ngozi haionekani kwa mstari mmoja, na nywele hunyanyuka kidogo.

Nakuru iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800. Baridi ya asubuhi isikudanganye. Ngozi ya njia iliyopanuka huungua na jua, hivyo vaa kofia au kitambaa ukienda sokoni mchana.

Paji pana, kidevu chembamba

*Nina paji kubwa na kidevu kilichochongoka. Nimeitwa kwenye mahojiano ya kazi na sitaki kusuka. (Msomaji, Bungoma)*

Pasua chini ubavuni, kuanzia usawa wa nyusi inapopinda. Njia iwe fupi, sentimita 5 basi, na nywele za mbele zipite juu ya paji kwa mshazari kabla ya kurudi nyuma ya sikio. Ziache zijae usawa wa taya. Kinachokudhuru ni kuvuta nywele zote nyuma kwa njia ya katikati, kwa kuwa hapo paji linabaki peke yake uwanjani.

Kwa walioandika kuhusu sura nyingine: paji dogo linapenda njia ndefu inayokwenda nyuma sana, taya za mraba zinapenda njia ya ubavuni iliyopinda kidogo badala ya mstari wa rula, uso mrefu uepuke kimo cha utosini na utafute ujazo pembeni. Mwenye pua au kidevu kilichoelemea upande mmoja, sentimita 1 tu kutoka katikati inatosha kuficha.

Njia za rasta zinapinda

*Najifunza ususi. Njia zangu hupinda nikifika katikati ya kichwa, na wateja wanalalamika kwamba ngozi inaonekana sana baada ya kusuka. (Msusi, Kakamega)*

Kabla hujalaumu mkono wako, mtazame mteja. Aliyepandanisha miguu huinamisha bega, na kichwa kinafuata. Anayetazama simu ameinamisha shingo. Miguu yote miwili sakafuni, kidevu usawa, ndipo ushike kitana. Nawe simama nyuma yake kabisa. Ukisimama ubavuni, jicho lako litavuta mstari kuja kwako, na hapo ndipo penye tatizo lako la katikati ya kichwa.

Weka alama mbili kabla ya kuchora: moja mbele, juu ya ncha ya pua, nyingine nyuma, katikati ya shingo chini ya kisogo. Gusisha mkia wa kitana alama ya mbele, ulale kidogo, uvute kwa mwendo mmoja hadi utosini bila kunyanyua. Ukinyanyua na kuendelea, pale ulipoanzia tena patapinda. Kisha pasua sikio hadi sikio. Umepata robo nne. Bana tatu, anza na moja ya nyuma.

Kuhusu ngozi kuonekana, bila shaka unapanga visanduku, yaani mafungu ya nywele ya kila rasta, vikifuatana, na njia zinapita moja kwa moja kutoka shingoni hadi juu. Pishanisha. Safu ya chini ikiwa na visanduku 5, inayofuata iwe na 6, ili kila rasta ya juu iangukie kwenye njia iliyo kati ya mbili za chini. Kwa rasta za wastani, kisanduku cha sentimita 2 kwa 2 kinatosha. Pima safu ya kwanza kwa kidole chako na utumie kidole hichohicho hadi mwisho.

Uzito ndio unaotuhangaisha zaidi. Kisanduku cha sentimita 1 kikibeba rasta nene inayofika kiunoni, nywele chache zinavuta mzigo mkubwa, na wa kwanza kuumia ni wa mbele. Kwa hiyo safu ya mbele iwe na visanduku vikubwa kidogo na rasta nyembamba, na zile nywele laini za ukingoni, upana wa sentimita 1, usizisuke kabisa. Mteja akikuomba ukaze ili zidumu, mkatalie kwa heshima. Akiamka na vipele, jina litakalotajwa mtaani ni lako.

Jeli: ncha ya mkia tu, na kidole kimoja kando ya njia. Ukipaka kichwa kizima, siku ya tatu itageuka unga mweupe na mteja atasema una mba. Rasta zikae wiki 6 hadi 8, na akirudi, sogeza visanduku nusu hatua ili njia mpya zisikae juu ya zile za zamani.

Anayetaka kubadilisha njia mara kwa mara, msukie bila fundo shinani. Zinalala chini na zinageuka kulia au kushoto. Zenye fundo hubaki pale ulipozielekeza siku ya kwanza.

Wigi lisilokubali kuhama njia

*Nimenunua wigi lenye njia ya katikati. Nikijaribu kupasua ubavuni nyuzi zinaonekana, na hata hiyo ya katikati inaonekana bandia. (Msomaji, Kisii)*

Ligeuze ndani nje. Leisi, yaani wavu mwembamba ulioshonewa nywele, ikiwa ukanda mwembamba wenye umbo la T, njia ni hiyo moja, na hakuna fundi atakayeihamisha. Klosha, yaani kipande cha leisi cha juu ya paji, ya inchi 4 kwa 4 inakupa nafasi ya kusogea kidogo kulia na kushoto. Frontali, yaani leisi pana ya mbele, ya inchi 13 kwa 4 inafika sikio hadi sikio, hivyo unaweza kupasua popote mbele, lakini kwa kina cha inchi 4 tu. Uliza hilo kabla ya kulipa mara nyingine.

Njia kuonekana bandia kuna dawa yake. Kichwa cha mtu hakina mstari mkamilifu wala nywele zilizobanana hadi ukingoni. Kwa kibanio cha nyusi, nyofoa unywele mmoja mmoja kando ya njia, upana wa milimita 2 au 3, ukianzia sentimita 1 nyuma ya ukingo. Simama kila baada ya kunyofoa kumi hivi utazame kwa mbali, kwa kuwa ulichonyofoa hakirudi. Kisha paka poda ya uso kwenye leisi kwa brashi ndogo. Chagua rangi ya ngozi ya kichwa chako, ambayo kwa wengi ni nyepesi kuliko ya uso. Kulaza mashina kwa kitana cha moto ni kwa nywele za binadamu pekee. Za plastiki zitayeyuka.

Laini ya kinyozi

*Kila nikichorwa laini kinyozi anaipanua, na baadaye natokwa na vipele. (Kijana, Njoro)*

Inapanuka kwa sababu anarudia kingo mara mbili tatu akitafuta kunyoosha. Mwambie achore mara moja kwa kona ya mashine, isizidi milimita 3, na asimalizie kwa wembe. Wembe hukata unywele chini ya ngozi, na unywele uliojikunja ukianza kuota huchoma ngozi kutoka ndani. Ndivyo vipele vyako. Laini ianzie kwenye kona ya panja, nywele zinapobadilisha mwelekeo, la sivyo itaonekana kovu. Itajaa yenyewe kwa wiki mbili hivi, kwa hiyo ukikosea mahali, subiri tu. Hakikisha mashine imesafishwa kwa spiriti mbele yako kabla haijakugusa.

Mabaka kwenye njia za mtoto

*Binti yangu ana miaka 6. Nikimsuka mistari ya shule naona mabaka ya duara yenye magamba kando ya njia, na nywele zimekatika. Msusi anasema ni njia kukazwa. (Mama, Busia)*

Mama, kukazwa huleta vipele na maumivu. Mabaka ya duara yenye magamba na nywele zilizokatika karibu na ngozi ni mashilingi, yaani mapunye, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mpeleke kituo cha afya. Krimu peke yake haitoshi, kwa sababu ukungu umeingia ndani ya shina, mahali ambapo krimu haifiki. Anahitaji dawa ya kumeza, kwa kawaida griseofulvin kwa wiki 6 hadi 8, kulingana na uzito wake. Mpe na chakula chenye mafuta kidogo, uji wa maziwa kwa mfano, ndipo mwili unapoifyonza vizuri. Usimkatize magamba yakiisha. Amalize muda aliopewa.

Si lazima umnyoe, lakini msuke mistari mipana isiyokaza au umwache na nywele fupi hadi apone. Vitana, vibanio na kofia visitumiwe na mwingine. Vichemshe vinavyoweza kuchemshwa, vingine uviloweke kwenye maji yenye jiki kisha uvisuuze. Ndugu zake wakaguliwe vichwa siku hiyohiyo. Na mjulishe msusi wako kwa upole, kwa kuwa kitana chake kimeshapita kwenye vichwa vingine.